Pasi ya Omu Hamsini na Tatu

Tulimzika Fundi Eliamani Jumanne, kwao Marangu, kwenye kihamba, lile shamba la migomba la baba yake, na mpaka udongo unarudishiwa kaburini hakuna msemaji hata mmoja aliyetaja pasi. Walimsifu kwa karakana yake ya Arusha, kwa sauti yake ya besi kwenye kwaya, kwa vijana aliowapa ufundi, na kila mmoja alipomaliza, mshereheshaji alimkabidhi mwingine kipaza sauti kana kwamba tuko harusini. Mimi nilikaa nyuma kabisa, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na daftari la kurasa arobaini na kipande cha waya kisichozidi urefu wa mkono. Nilikuwa na hasira, sikatai. Nilitaka mtu mmoja asimame aseme kwamba huyu bwana aliwahi kukosea vibaya, na kwamba alichofanya baada ya kukosea ndicho kilichonifanya mimi niwe mwalimu wa umeme. Hakusimama mtu, na mimi sikusimama. Kesho yake, badala ya kurudi chuoni kwenye wanafunzi wangu, nilipanda basi la Karatu, kwa sababu Oldeani kulikuwa na mtu ambaye nilikuwa na neno lake tangu nina miaka ishirini.

Mwaka ninaousema ni ule uliotangulia mvua za elnino. Nilikuwa dobi katika loji moja nje kidogo ya mji wa Karatu, upande wa kupandia Ngorongoro, ambako umeme wetu wote ulitoka kwenye jenereta lililofungiwa ndani ya banda la mabati. Chumba cha dobi kilikuwa nyuma ya jiko: meza tatu za mbao zilizofunikwa mablanketi ya zamani, kapu la vibanio, dirisha moja lililotazamana na uwanja wa kamba za kuanikia. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche ikichanganyika na ya kahawa inayokaangwa, najikuta nimesimama kwenye sakafu ile ya saruji, miguu imekufa ganzi kwa baridi ya Karatu, mikono inaungua. Wageni waliteremka kreta alfajiri wakiwa wamenyooshewa nguo zao za rangi ya vumbi, kana kwamba simba wangewakagua, kwa hiyo saa kumi na moja na nusu tulikuwa tayari kazini, pasi tatu zikifanya kazi kwa pamoja. Moja ilikuwa yangu, moja ya dada mmoja wa Mbulu ambaye aliolewa kabla mwaka haujaisha, na ya tatu, ile nzito ya chuma yenye mpini mweusi iliyotoka kwenye nyumba ya shamba la kahawa, ilikuwa ya Mama Paskalina, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mama Paskalina alikuwa Mwiraqw wa Oldeani, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye maneno machache na mkono mwepesi. Alifika kila asubuhi amejifunga mablanketi mawili, akatusalimia "Saita" kwa sauti ya mtu anayehesabu kama tumetimia, akaichomeka pasi yake na kuitemea tone la mate kuipima. Pasi ile ilikuwa imeungua mara mbili mwaka huo. Mara zote mbili Fundi Eliamani, aliyekuwa msimamizi wa jenereta, pampu na kila kitu chenye waya, aliifungua, akakata kipande kilichoungua cha koili, ule waya wa ndani unaotoa moto, akaunga ncha zilizobaki, akaifunga. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Na kila ilipotoka kwa fundi ilikuwa moto zaidi ya zamani, ikimaliza suruali mbili wakati sisi tunahangaika na moja. "Fundi, umeirudishia ujana," Mama Paskalina alimwambia, na Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kukataa sifa, alifuta mikono kwenye ovaroli yake akacheka. Nayakumbuka maneno hayo kuliko mengi niliyoambiwa na watu waliosoma.

Huyo Fundi ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ya fizikia ambayo sikuionyesha kwa mtu, na siku moja nilimuuliza zile namba zilizochorwa kwenye kibati cha pasi zina maana gani, volti mia mbili thelathini, wati elfu moja. Angeweza kunijibu kwa sentensi moja. Badala yake, kila jioni tukishamaliza kazi, aliketi juu ya dumu la dizeli nami juu ya tofali, kikombe cha chai ya maziwa kati yetu, akanirudisha darasani. "Dada Vero, kwetu mlimani tuna mifereji," alisema. "Maji yanatoka juu, yanashuka kwenye migomba. Ule mteremko unaoyasukuma maji, hizo ni volti. Maji yenyewe yanayopita ni ampea. Sasa, majani na mawe yaliyomo mferejini yanafanya nini?" Nikasema yanayazuia. "Huo ndio ukinzani, tunaupima kwa omu. Mfereji mrefu wenye majani, maji kidogo. Mfereji mfupi, maji yanakuja na fujo." Halafu akachora kwa chaki kwenye mlango wa banda: volti ukizigawa kwa ampea, unapata omu, volti ukizizidisha kwa ampea, unapata wati, ile kazi yenyewe, ule moto unaokuunguza vidole. Alinipa daftari, akanipa mita yake ya kubana ambayo unaikumbatisha kwenye waya inakusomea ampea zinazopita, na kwa kuwa mita ile inataka waya mmoja tu kati ya miwili, alinitengenezea kipande cha waya kilichochanwa ganda, ambacho ungechomeka katikati ya soketi na chombo. Nikikosea hakuwa na maelezo mengi. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Rudia."

Tatizo letu lilikuwa hili. Laini ya nyuma, iliyolisha jiko na dobi, ilikuwa na swichi iliyokata ikivuka ampea ishirini kwa dakika chache. Miaka yote ilivumilia. Mwaka ule ikaanza kukata. Tuko kwenye pasi, mpishi kawasha jagi lake kubwa la chai, mara taa ya ukutani inazimika, jenereta linanguruma hivyohivyo nje kama vile halituhusu. Fundi akaja, akainua swichi, akaondoka akikuna kichwa. Mama Paskalina ndiye aliyepata dawa: akatundika kanga nyekundu kwenye kamba ya kwanza karibu na dirisha la jiko. Kanga ikiwepo, pasi ziko moto, mpishi asiguse jagi. Kanga ikiondolewa, zamu yake. Kwa wiki nzima kanga ile ilituongoza vizuri, mpaka asubuhi moja Lemali, askari wetu wa getini kutoka Arash, alipofua shuka lake jekundu kwa ajili ya sherehe nyumbani, akalianika kwenye kamba ileile. Sisi tulishamaliza kupiga pasi zamani, tumeondoa kanga yetu, tunapiga soga. Mpishi anachungulia dirishani anaona wekundu, anangoja. Anachungulia tena, anangoja. Wageni wakateremka kreta bila chai, na mmoja wao, mzee mmoja mrefu, akamweleza meneja kwa upole hisia zake.

Mkutano ulifanyika mchana uleule kwenye bwalo la wafanyakazi, sufuria la makande likiwa bado mezani. Lemali alisimama bila kuitwa. "Yeyo," alimwambia Mama Paskalina, akimwita mama kwa Kimaasai, "ni nguo yangu imeharibu chai, siyo wewe." Watu wakacheka, meneja hakucheka. Alikuwa kijana msafi kutoka Arusha mwenye daftari lake mwenyewe, na katika daftari hilo alikuwa ameandika siku zote ambazo umeme ulikata. "Mama huyu akiwa mapumziko, haukati," alisema. "Akirudi, unakata. Mimi nasema mle ndani kuna jiko la koili anapikia chakula chake." Meneja akamgeukia Fundi, akamuuliza kama inawezekana kuwa ni pasi. Nadhani Fundi hakufikiri. Sifa ilishakaa mdomoni. "Pasi zile nimezishika kwa mikono hii," alisema. "Ziko sawa. Tatizo liko kwingine." Hakumtazama mtu, lakini sisi wengine wote tulimtazama mama. Meneja akaagiza kila chombo cha laini ya nyuma kipimwe, matokeo afikishiwe Ijumaa jioni; kama vyombo ni vizima, basi Jumamosi Mama Paskalina aende kwao. Ilikuwa Jumanne.

Fundi alikuwa na pampu iliyofunguka vipandevipande, akaniachia mimi vipimo. Jumatano mchana, chumba kikiwa kitupu, nilichomeka ule waya wake uliochanwa, nikakumbatisha mita. Volti za jenereta: mia mbili ishirini na nane. Pasi yangu: ampea nne nukta tatu. Nikagawa, omu hamsini na tatu. Nikazidisha, wati mia tisa themanini, karibu kabisa na kibati. Ya dada wa Mbulu: nne nukta mbili. Jagi la jikoni: sita nukta sita. Halafu nikachomeka ile nzito. Mshale ukaenda ukapita pale nilipoutarajia, ukasimama kwenye saba nukta sita. Nikaichomoa, nikaichomeka tena. Saba nukta sita. Nikagawa pembeni ya gazeti: omu thelathini. Nikazidisha: wati elfu moja mia saba na zaidi, kwenye pasi iliyoandikwa elfu moja. Sikuhitaji mtu anieleze. Kila alipokata kipande kilichoungua, mfereji ulizidi kuwa mfupi. Huo ndio ujana alioirudishia, na ndio uliokuwa ukikata swichi. Na mimi nilishika tochi mara zote mbili.

Sasa nitasema nililofanya. Nilimpenda Fundi yule kama mtu anavyompenda wa kwanza kumwambia kwamba ana akili. Nilimwona kwenye bwalo amesimama mbele ya watu wote akisema ziko sawa, nikafikiria uso wake nitakapompelekea namba hiyo. Nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: ampea nne nukta tatu, omu hamsini na tatu, wati mia tisa themanini. Nilijiambia nimemficha mtu aibu tu, na kwamba meneja angepoa mwenyewe. Kujumlisha sikujumlisha. Leo wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini nawaadhibu zaidi kwa kipimo cha kubuni kuliko kwa hesabu mbovu, nawaambia waendelee na kazi.

Alhamisi saa saba Mama Paskalina alikaa pembeni yangu bwaloni, akalisogeza bakuli lake la makande mbele yangu. Kwenye mahindi alikuwa amechukua vijiko viwili. "Kula binti yangu, wewe bado unakua," alisema. "Mimi leo hayapiti." Niliyala yote. Njaa ya ujana haina adabu. Alasiri nilimwona anaikunja ile kanga nyekundu, anaitia kwenye mfuko wake wa rambo pamoja na kikombe chake cha bati na viatu vya mpira, taratibu, kama mtu anayefunga vitu vya maiti.

Ijumaa jioni nilimpelekea Fundi daftari bandani. Alilisoma amesimama, mlangoni penye mwanga. Akachukua chaki, akajumlisha juu ya mlango, chini ya ile michoro yake ya mifereji: nne nukta tatu, nne nukta mbili, nne nukta tatu, sita nukta sita. Kumi na tisa nukta nne. "Haifiki ishirini," alisema. "Kwa hesabu hii swichi isingekata. Na inakata. Basi lazima mle ndani kuna jiko." Hapo ndipo nilipoelewa nilichoandika. Uongo wangu haukumkinga yeye tu; ulitoa ushahidi dhidi ya Mama Paskalina. Nikakaa kwenye tofali langu. Fundi alikuwa bado anaitazama jumla. Ilimpa alichokuwa anakihitaji: pasi nzima, neno lake limesimama, meneja ameridhika. Alilishika daftari muda mrefu, na nina hakika kwamba kwa muda huo alikuwa mtu wa kawaida kama mimi. Kisha akasema, "Njoo nayo mita."

Dobi kulikuwa na giza la jioni. Aliichomeka ile pasi, akalowesha kidole, akakigusisha kwa haraka chini yake. Ikalia kabla kidole hakijafika vizuri. "Vero," alisema, "huu si moto wa wati mia tisa." Akakumbatisha mita, akasoma, akakokotoa kichwani, nilimwona midomo ikicheza. Alipomaliza hakunitazama. "Uliona ngapi?"

"Saba nukta sita."

"Lini?"

"Juzi."

"Kwa nini uliandika nne?"

"Nilikuogopea wewe, Fundi. Uliwaambia watu ziko sawa."

Aliichomoa pasi, akaisimamisha kwa kisigino chake. Nilisubiri anigombeze, na hadi leo ningependa angenigombeza. "Ningeijua mwenyewe Jumanne kama ningepima kabla ya kusema," alisema. "Ulichokiona ndicho unachoandika, dada. Hata kikiwa changu." Akalichukua daftari, akaenda ofisini kwa meneja, na mimi nikamfuata mpaka chini ya dirisha, pale wanapomwagia maji ya vyombo. Nilimsikia akieleza kwa sauti ya kawaida, kama anaelezea pampu: koili niliikata mimi, mara mbili, badala ya kuweka nzima, jiko halipo, mama hana kosa. Meneja akamuuliza, "Na Jumanne ulisema nini mbele ya watu?" Fundi akajibu, "Nilisema uongo bila kujua, na kutokujua ni kosa langu, kwa sababu kujua ndiyo kazi yangu." Namba ya uongo hakuitaja. Meneja alikuwa amemdhalilisha mtu mzima kwa neno la Fundi, na watu wa aina ile hawasamehe kuonyeshwa wamekosea. Akamwambia kesho akabidhi funguo.

Jumamosi Fundi alikwenda mjini mapema, akarudi na kitu ndani ya gazeti, akajifungia bandani mpaka mchana. Halafu gari la mboga likampakia na sanduku lake. Nilikuwa kambani natundika mashuka, uso umenivimba kwa kulia. Alinipungia kwa mkono mmoja tu, wa pili ulishika kofia. Juu ya meza yangu nilikuta daftari na kile kipande cha waya. Nilifungua ukurasa wa mwisho. Mstari wa pasi nzito ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni, kwa herufi zake zilizolala, "Rudia." Mimi sikurudia. Mita ilikuwa ya kwake na ilikwenda naye, na mwezi uliofuata pasi zote zilibadilishwa kwa nyepesi za kisasa. Ile ya chuma, ambayo tangu Ijumaa ile hakuna aliyeichomeka tena, akapewa Mama Paskalina aende nayo nyumbani, Oldeani, ambako wakati huo umeme ulikuwa wa kusimuliwa. Mwaka uliofuata nikaingia chuo cha ufundi.

Nilimkuta Mama Paskalina barazani, ungo mapajani, anachambua maharage. Ana karibu miaka themanini sasa, macho yameingia ndani lakini vidole ni vilevile. Tuliamkiana, nikampa habari ya msiba, akafanya ishara ya msalaba. Nikaona nikinywa chai kwanza sitasema. "Mama, ile wiki ya kanga nyekundu," nilianza, "mimi niliijua pasi tangu Jumatano. Niliandika uongo ili Fundi asiaibike."

Vidole havikusimama. "Jumatano," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi Alhamisi nikakupa makande yangu."

"Ulinipa."

"Ukala."

"Nilikula yote."

Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa uani. "Siku zile nilikuwa nawaza nitawaambia nini watu wa jumuiya," alisema. "Mtu mzima, mwizi wa umeme. Nilikuwa nikilala naamka nimekaa kitandani." Nikamwomba msamaha. "Usinisemeshe kwanza," alisema. Kuku mmoja alipita kati yetu, akarudi, akapita tena. Ungo ulipokwisha ndipo akasema, "Mwenzio alikuja hapa Jumamosi ile jioni, na sanduku lake. Alisema kosa ni la kwake peke yake. Wewe hakukutaja hata jina." Nililia mbele yake kama nilivyolia kambani, na yeye aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akainuka kwa kushika nguzo, akaingia ndani.

Alirudi na pasi. Mpini mweusi, kisigino kilichochubuka, waya umebadilishwa. "Umeme ulipofika huku niliogopa kuichomeka," alisema. "Niliona itaunguza nyumba. Natumia ya mkaa. Wewe si ndiyo mwalimu? Ipime."

Mita huwa natembea nayo mkobani kama wengine wanavyotembea na rozari. Nikatoa na kile kipande cha waya, nikachomeka kwenye soketi ya sebuleni. Volti za Oldeani alasiri ile zilikuwa mia mbili kumi na mbili, dhaifu, kama kawaida ya mwisho wa laini. Nikakumbatisha mita. Ampea nne kamili. Niligawa kichwani, halafu sikujiamini, nikagawa tena kwenye daftari. Volti zinatoka nje na zinabadilika kila mahali, lakini ukinzani ni wa chombo chenyewe, kinatembea nao popote. Omu hamsini na tatu. Koili nzima. Jumamosi ile, amekwishafukuzwa, funguo zikingojewa ofisini, ndilo alilokuwa analifanya bandani.

"Inasemaje?" Mama Paskalina aliuliza.

"Ni nzima, mama. Aliitengeneza kabla hajaondoka."

Niliandika namba zote tatu chini ya wino wake mwekundu: mia mbili kumi na mbili, nne, hamsini na tatu. Mama Paskalina hakuniuliza naandika nini. Alikuwa ameshatandika blanketi mezani, ameleta gauni lake la kanisani, akailowesha pasi kwa tone la mate na kusikiliza. "Ipo taratibu," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa mwanzo."